Kongosho lililovimba mara mbili: kisa cha kidonge kimoja chenye dawa mbili

Mwanamke wa miaka 52 anafika idara ya dharura saa 9 usiku akiwa amejikunja, mikono yote miwili imeshika tumbo juu ya kitovu. Akiambiwa alale chali anakataa, kwa sababu akilala maumivu yanazidi na akiinama mbele yanapungua kidogo. Yalimwanza saa 4 usiku, yakapanda kwa kasi ndani ya nusu saa, na tangu hapo hayajashuka wala hayaji na kuondoka. Yanapenya hadi mgongoni. Ametapika mara tano na kutapika hakumpi nafuu. Siku 17 kabla ya usiku huu aliruhusiwa kutoka wodini, alikokuwa amelazwa siku nne kwa tatizo hili hili.

Mgonjwa huyu ni wa mfano. Vipimo na mpangilio wa matukio vimejengwa juu ya sura ambayo wagonjwa wa namna hii huja nayo, ili kila hatua ipimwe kwa namba. Tarehe, takwimu za utafiti na viwango vya tiba vilivyotajwa ni vya kweli.

Ana kisukari aina ya pili kwa miaka 7, presha na kolesteroli kwa miaka 4. Ana kilo 74. Hanywi pombe, havuti sigara. Faili la mara ya kwanza linasema: lipesi, kimeng'enya cha kongosho kinachopimwa kwenye damu, 690 U/L, wakati kikomo cha juu cha maabara hiyo ni 60, ultrasaundi haikuona mawe ya nyongo, kongosho limevimba ghafla, chanzo hakijulikani. Kwenye sehemu ya dawa kumeandikwa metfomini, amlodipini na atovastatini. Chini kabisa, kwenye maagizo ya kuruhusiwa: «Aendelee na dawa zake za kawaida.»

Maagizo hayo ndiyo yaliyomrudisha.

Kwanza: ni kongosho kweli?

Mgonjwa aliyewahi kupata jina la ugonjwa huvikwa jina hilo tena kabla hajapimwa, na hapo ndipo kidonda cha tumbo kilichotoboka au mshtuko wa moyo unaoumiza chini ya kifua hupita bila kuonekana. Kwa hiyo kipimo cha umeme wa moyo kilifanyika ndani ya dakika kumi, kikawa cha kawaida. Tumbo lilikuwa linauma likibonyezwa juu ya kitovu lakini halikuwa gumu kama ubao.

Vigezo vya Atlanta vya kutambua kongosho lililovimba ghafla, vilivyorekebishwa mwaka 2012, vinataka mambo mawili kati ya matatu: maumivu ya sura hiyo niliyoieleza, lipesi au amilesi (kimeng'enya kingine cha kongosho) iliyofika angalau mara tatu ya kikomo cha juu, au picha inayoonyesha kongosho limevimba. Lipesi yake ilikuwa 1,240. Maumivu pamoja na lipesi vinatosha, na picha ya CT usiku huo isingeongeza kitu. CT ya saa za mwanzo mara nyingi haionyeshi sehemu za kongosho zilizokufa. Ukihitaji kujua ukubwa wa madhara, subiri saa 72 na kuendelea, isipokuwa kama utambuzi wenyewe una shaka.

Mambo matatu kuhusu lipesi yanachanganya watu. Namba kubwa haimaanishi ugonjwa mkali: 1,240 ya safari hii si mbaya maradufu ya 690 ya safari ile. Pili, lipesi hupanda ndani ya saa 4 hadi 8 na hukaa juu kwa siku 8 hadi 14, wakati amilesi hurudi chini ndani ya siku 3 hadi 5, kwa hiyo mgonjwa anayefika siku ya nne akapimwa amilesi peke yake anaweza kuambiwa hana kitu. Tatu, na hili ni la wagonjwa wa kisukari hasa, sukari iliyopanda hadi kuzalisha ketoni huleta maumivu ya tumbo, kutapika na lipesi iliyopanda, hata zaidi ya mara tatu, bila kongosho kuwa limevimba. Ndiyo maana ketoni zilipimwa: 0.6 mmol/L, sukari 14.8 mmol/L, asidi ya damu ya kawaida. Mlango huo ukafungwa.

Saa 24 za mwanzo

Mapigo ya moyo yalikuwa 108 kwa dakika, pumzi 22, presha 104/66, joto 37.4, oksijeni asilimia 96. Chembe nyeupe 13.1, yurea 7.1 mmol/L, hematokriti (sehemu ya damu iliyo chembe nyekundu) asilimia 45, kreatinini, kipimo cha figo, 88. Midomo mikavu, mkojo kidogo na mzito. Mapigo, pumzi na chembe nyeupe vimevuka mpaka, yaani mwili mzima umeanza kuitikia uvimbe. Kwenye kipimo cha hatari kiitwacho BISAP, ambacho huhesabu yurea, kuchanganyikiwa, mwitikio huo wa mwili, umri zaidi ya miaka 60 na maji kwenye utando wa mapafu, alipata alama 1 kati ya 5. Kuanzia 3 ndipo hatari huongezeka waziwazi.

Kwa miaka mingi ilifundishwa kumpa mgonjwa maji mengi ya dripu kadiri inavyowezekana. Utafiti wa WATERFALL uliochapishwa mwaka 2022 ulibadilisha hilo. Wagonjwa 249 waligawanywa: kundi moja lilipewa dripu ya kasi, yaani ml 20 kwa kilo kisha ml 3 kwa kilo kwa saa, jingine la wastani, ml 10 kwa kilo kwa wale tu waliopungukiwa maji, kisha ml 1.5 kwa kilo kwa saa. Utafiti ulisimamishwa mapema kwa sababu maji yalizidi mwilini kwa asilimia 20.5 ya kundi la kasi dhidi ya asilimia 6.3 ya kundi la wastani, na kongosho la waliopewa mengi halikupata faida.

Kwa kilo 74, hesabu ni nyepesi: ml 740 za Ringer's lactate kwa muda wa saa mbili kwa sababu alikuwa mkavu, kisha ml 110 kwa saa. Baada ya saa 3 mapafu yalisikilizwa, vilevile baada ya saa 12 na 24. Mkojo ulilengwa usipungue ml 37 kwa saa, yaani nusu mililita kwa kilo. Asubuhi ya pili hematokriti ilikuwa 39 na yurea 5.2. Kushuka kwa namba hizo mbili ndiko kunakoonyesha kwamba maji yanafika yanakotakiwa. Yurea ikipanda siku ya pili licha ya dripu, hiyo ni dalili ya kuita msaada.

Maumivu yalitulizwa kwa mofini, mg 3 mshipani polepole, ikirudiwa kwa kuangalia pumzi na uso wa mgonjwa, pamoja na parasetamoli gramu 1. Bado kuna wodi ambako mofini inakwepwa kwa hofu kwamba itabana mlango wa mfereji wa kongosho. Hofu hiyo haijathibitishwa kwa wagonjwa, na kumwacha mtu akijikunja usiku kucha kwa ajili yake si haki.

Antibiotiki hazikutolewa, maana uvimbe huu hauletwi na vijidudu na kinga ya mapema kwa antibiotiki haijasaidia. Chakula laini chenye mafuta kidogo kilianza kutolewa baada ya saa 20, alipoanza kuhisi njaa na kichefuchefu kupungua. Si lazima kusubiri lipesi ishuke. Sukari ilishikiliwa kati ya 7.8 na 10 mmol/L kwa insulini. Metfomini ilisimamishwa mpaka figo zithibitike salama. Kama angekuwa anatumia dawa za jamii ya gliflozini, zinazotoa sukari kwa mkojo, nazo zingesimamishwa saa hiyo hiyo, kwa sababu mtu asiyekula anayezitumia anaweza kuingia kwenye ketoni hata sukari yake ikiwa haijapanda sana.

Kutafuta chanzo kabla ya kuilaumu dawa

Dawa ni chanzo cha sehemu ndogo tu ya kongosho kuvimba ghafla. Makadirio mengi yako chini ya asilimia 5. Mawe ya nyongo na pombe kwa pamoja ndiyo yenye sehemu kubwa. Tena kisukari aina ya pili chenyewe kinaongeza uwezekano wa tatizo hili, karibu maradufu, hata kwa mtu ambaye hajawahi kugusa dawa inayoshukiwa. Anayeruka moja kwa moja kwenye dawa atamnyima mgonjwa dawa nzuri na kuliacha jiwe mahali pake.

Mawe: kipimo cha ini cha ALT kilikuwa 28. Kikiwa zaidi ya 150 ndani ya saa 48 za mwanzo, shaka ya mawe huwa kubwa sana. Kikiwa cha kawaida shaka hupungua, haifutiki. Ultrasaundi ya wakati wa maumivu huzibwa na gesi ya utumbo uliolala, kwa hiyo ile ya kwanza iliyosema hakuna mawe haikuwa neno la mwisho. Ilipaswa kurudiwa mgonjwa akiwa ametulia, na haikurudiwa. Safari hii ilirudiwa siku ya nne: mfuko wa nyongo safi, mfereji mkuu haukupanuka.

Trigliseraidi, yaani aina ya mafuta ya damu: 2.1 mmol/L. Kinachotiliwa shaka ni 11.3 na kuendelea. Damu ya kipimo hiki ichukuliwe mgonjwa anapoingia, kwa sababu mafuta hushuka upesi mtu akiacha kula na akipewa insulini. Ukikumbuka siku ya tatu, ushahidi umeshayeyuka. Mafuta mengi sana pia huharibu usomaji wa amilesi, ikaonekana ya kawaida.

Kalsiamu: 2.24 mmol/L, ya kawaida. Lakini kongosho likivimba hushusha kalsiamu, kwa hiyo mtu ambaye kalsiamu yake huwa juu siku zote anaweza kuonekana wa kawaida siku ya ugonjwa. Ilipimwa tena baada ya wiki sita, ikawa 2.31.

Uvimbe wa saratani: hili halipendwi kutajwa, lakini lazima litajwe. Mtu aliyevuka miaka 40, kongosho limevimba bila sababu na sukari imeanza kugoma, anaweza kuwa na uvimbe unaobana mfereji. HbA1c yake, kipimo cha wastani wa sukari ya miezi mitatu hivi, ilikuwa imepanda hadi asilimia 8.4 kabla ya dawa kuongezwa. CT ya kongosho ilipangwa wiki sita baadaye, uvimbe wa sasa ukishatulia.

Boksi

Hapa ndipo palipokosewa mara ya kwanza. Mgonjwa aliulizwa, «Unatumia dawa gani?» akajibu, «Metfomini, ya presha na ya kolesteroli.» Hakudanganya. Hivyo ndivyo anavyozijua.

Safari hii mfamasia wa wodi aliuliza tofauti: «Mama, naomba nizione dawa zenyewe, na maboksi yake kama yapo.» Binti yake akafungua mkoba. Juu ya boksi la dawa ya sukari, kwa herufi ndogo chini ya jina la biashara, kuliandikwa: Sitagliptin/Metformin 50 mg/1000 mg. Kidonge kimoja asubuhi, kimoja jioni. «Hii umeanza lini?» «Si ndiyo metfomini yangu? Walinibadilishia boksi tu, sukari ilipokuwa haishuki.» Lebo ya duka la dawa ilikuwa na tarehe.

Kwa macho ya mgonjwa dawa haikuongezeka: vidonge ni viwili kwa siku kama zamani na jina analolijua lipo. Ndani yake kumeongezeka sitagliptini mg 100 kwa siku, dozi kamili. Kwenye faili la kwanza dawa hiyo haikuwepo kabisa, na daktari aliyeandika «chanzo hakijulikani» aliandika ukweli wa karatasi aliyokuwa nayo.

Mfamasia alichora mstari kwenye karatasi na kupanga tarehe. Metfomini, miaka 7. Atovastatini na amlodipini, miaka 4. Kidonge cha dawa mbili, wiki 10 kabla ya maumivu ya kwanza. Kisha siku nne wodini bila vidonge vyovyote, maumivu yakaisha. Kisha nyumbani, vidonge vyote vikarudi siku hiyo hiyo. Kisha siku 17, na maumivu ya pili. Kazi ya dakika tano, nayo ina thamani kuliko picha nyingine ya tumbo.

Ushahidi dhidi ya jamii hii ya dawa

Sitagliptini ni ya jamii ya gliptini. Dawa hizi huzuia kimeng'enya cha DPP-4 kisivunje homoni ya utumbo iitwayo GLP-1, ambayo hulihimiza kongosho kutoa insulini chakula kinapoingia. Ndugu zake wa sindano, kama eksenataidi, liraglutaidi na semaglutaidi, huiga homoni hiyo yenyewe. Eksenataidi iliruhusiwa Marekani mwaka 2005 na asili yake ni mate ya mjusi mkubwa wa jangwani. Oktoba 2007 mamlaka ya dawa ya Marekani, FDA, ilitoa tahadhari baada ya kupokea taarifa 30 za kongosho kuvimba kwa watumiaji wake. Septemba 2009 ikaja zamu ya sitagliptini: taarifa 88, zilizokusanywa tangu iingie sokoni Oktoba 2006 hadi Februari 2009.

Taarifa za namna hiyo haziwezi kusema peke yake nani mkosaji, kwa sababu wanaomeza dawa hizi wote ni watu wa kisukari, ambao kongosho lao lina hatari zaidi tayari. Mwaka 2014 FDA na mamlaka ya dawa ya Ulaya zilipitia data kwa pamoja, zikaona kwamba madai kuwa dawa hizi ndizo chanzo hayalingani na data zilizokuwepo, ila hazikufunga mjadala. Tahadhari ikabaki kwenye karatasi ya dawa.

Tafiti kubwa zilizofuata zinatupa picha ya ukubwa. Kwenye TECOS ya mwaka 2015, iliyohusisha watu 14,671, kongosho lilivimba kwa watu 23 waliopewa sitagliptini na 12 waliopewa kidonge kisicho na dawa. Tofauti hiyo ni ya watu 11 kati ya zaidi ya elfu saba, kwa muda wa miaka mitatu hivi, na kitakwimu haikufika kiwango cha kuthibitisha. Kwenye LEADER ya mwaka 2016, liraglutaidi ilikuwa na 18 na kundi la kulinganisha 23, yaani hakuna ongezeko. Lakini LEADER hiyo hiyo ilionyesha jambo jingine la kuangaliwa: matatizo ya ghafla ya mawe ya nyongo yalikuwa asilimia 3.1 kwa watumiaji wa liraglutaidi dhidi ya 1.9. Kwa hiyo mtumiaji wa sindano akivimba kongosho, mawe yatafutwe kwa bidii zaidi, maana dawa inaweza kupitia huko.

Kwa maoni yangu mizani inasimama hivi: kwa watu wengi hatari hii ni ndogo na faida ya kushusha sukari ni kubwa, hivyo hakuna sababu ya mtu asiye na dalili kuacha dawa kwa hofu. Ila takwimu za maelfu hazimwambii mgonjwa aliye kitandani kama yeye ni mmoja wa wale wachache. Hilo linaamuliwa kwa kisa chake.

Je, ni dawa hii?

Kipimo cha Naranjo cha mwaka 1981, cha kupima kama dawa ndiyo iliyoleta madhara, kina maswali kumi. Alama 9 na zaidi huitwa hakika, 5 hadi 8 huenda sana, 1 hadi 4 yawezekana. Kitandani, alama zake zilikuwa hivi: taarifa za awali za madhara haya zipo, 1, tukio lilikuja baada ya dawa, 2, alipata nafuu ilipoachwa, 1, lilirudi dawa iliporudishwa, 2, limethibitishwa kwa kipimo, 1. Swali la sababu nyingine lilipata sifuri, kwa kuwa vijiwe vidogo na uvimbe vilikuwa bado havijaondolewa. Jumla 7.

Wiki sita baadaye CT haikuonyesha uvimbe, na ultrasaundi ya ndani, ile inayopitishwa mdomoni hadi karibu na kongosho, haikuona vijiwe vidogo wala mchanga wa nyongo. Swali la sababu nyingine likapata 2 na jumla ikawa 9. Karatasi inasema hakika.

Ningeandika huenda sana, na sababu ni mbili. Alama ya nafuu baada ya kuacha ni dhaifu, kwa sababu kongosho lililovimba kidogo hupona ndani ya siku chache kwa wagonjwa wengi vyovyote iwavyo. Ya pili ni nzito zaidi: siku ile aliporuhusiwa, dawa zote zilirudi pamoja. Jaribio lililofanyika bila kukusudia halikuwa la sitagliptini peke yake, lilikuwa la dawa nne. Metfomini, amlodipini na atovastatini haziondolewi na ule mstari wa tarehe tu, ingawa miaka minne hadi saba ya amani ni hoja kubwa. Zilizidi kuondolewa baadaye, ziliporudishwa moja moja bila sitagliptini na miezi sita ikapita bila maumivu wala lipesi kupanda.

Mtu anaweza kusema jibu lingepatikana kwa kumrudishia sitagliptini makusudi. Hapana. Shambulio la tatu linaweza kuua sehemu ya kongosho, na kuna dawa nyingine za sukari za kutosha.

Kuruhusiwa mara ya pili

Aliondoka siku ya tano. Maagizo yalitaja kila dawa kwa jina na hatima yake, bila neno «kawaida». Sitagliptini: imeachwa, isirudishwe. Kidonge cha dawa mbili: kimeachwa chote, hata kama sehemu ya metfomini haina kosa. Metfomini pekee: mg 500 mara mbili kuanzia siku ya saba kama kreatinini ni ya kawaida na anakula, kisha ipandishwe hadi dozi ya zamani. Insulini ya muda mrefu: yuniti 10 usiku, ambazo ni kidogo zaidi ya sehemu moja ya kumi ya yuniti kwa kilo, iongezwe yuniti 2 kila siku tatu mpaka sukari ya asubuhi ifike chini ya 7.2. Amlodipini irudi mara moja. Atovastatini baada ya wiki mbili, peke yake, ili ikileta shida ionekane.

Kosa linalofuata kwa kawaida hutokea kliniki, miezi miwili baadaye, kwa nia njema: «Sitagliptini ilikukataa, basi tujaribu linagliptini.» Au saksagliptini, au vildagliptini. Au sindano ya semaglutaidi, kwa sababu uzito nao unasumbua. Wote ni ukoo mmoja, njia moja ya kufanya kazi, na karatasi ya semaglutaidi inasema wazi isirudishwe kwa mtu ambaye kongosho limethibitika kuvimba akiitumia. Kwa hiyo kadi aliyopewa haikutaja jina moja. Iliandikwa: asipewe dawa yoyote inayoishia na -gliptin, wala sindano yoyote ya jamii ya GLP-1, pamoja na tirzepataidi, ambayo nayo huiga GLP-1, ikiwemo iliyochanganywa na dawa nyingine.

Kwa anayetumia sindano hizo, kuacha nako hakulingani na kuacha kidonge. Nusu ya sitagliptini huondoka mwilini kwa saa 12 hivi. Semaglutaidi huchukua takriban wiki kupungua nusu na hubaki kwa wiki tano tangu dozi ya mwisho. Uliza siku ya sindano ya mwisho, iandike, na umfuatilie mgonjwa kwa muda huo wote. Vilevile kichefuchefu cha wiki za kwanza za sindano kisichanganywe na ugonjwa huu: kichefuchefu cha dawa huja baada ya kuanza au kupandisha dozi, huja na kuondoka, na hakina maumivu mazito ya kudumu. Maumivu makali juu ya kitovu yasiyokatika kwa saa kadhaa, hasa yakienda mgongoni, yanatosha kuruka dozi inayofuata na kwenda kupimwa lipesi siku hiyo. Kinyume chake, lipesi iliyopanda kidogo kwa mtumiaji asiye na maumivu ni jambo la kawaida kwa dawa hizi, na kuipima mara kwa mara bila dalili huzaa hofu tu.

Taarifa ya madhara ilitumwa mamlaka ya dawa kabla mgonjwa hajatoka. Mambo manne yanatosha ili ipokelewe: mgonjwa anayeweza kutambulika, hata kwa herufi na umri, mtoa taarifa, dawa inayoshukiwa, na madhara yenyewe. Namba ya toleo kwenye boksi iliongezwa, pamoja na mstari wa tarehe na kueleza waziwazi kwamba dawa nne zilirudishwa kwa pamoja. Yule atakayesoma taarifa hii katikati ya mamia anahitaji kuona udhaifu wake kama anavyoona nguvu yake.

Lilibaki boksi. Nyumbani kulikuwa na jingine ambalo halijafunguliwa, na pakiti iliyobaki vidonge tisa. Binti yake alivileta vyote siku ya kuruhusiwa, mfamasia akavihesabu, akavipokea, na kwenye boksi la metfomini mpya akaandika kwa kalamu nene, kwa herufi kubwa: METFOMINI TU.